Gitaa la Johnny Marr: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mpiga gitaa Johnny Marr alizaliwa Manchester, Uingereza, tarehe 31 Oktoba 1963, mtoto wa wazazi waliohamia kutoka Ireland. Jina lake la kuzaliwa ni John Maher. Alibadili tahajia kwa sababu mpiga dramu wa Buzzcocks, bendi ya mji huohuo, naye aliitwa John Maher. Mwaka 1982 akaunda bendi ya The Smiths pamoja na mwimbaji Morrissey. Andy Rourke akashika besi na Mike Joyce dramu. Bendi ilidumu miaka 5 na kutoa albamu 4 za studio. Tangu hapo wapiga gitaa wanaitafuta sauti ile, na wengi wanaitafuta dukani. Hapo ndipo dhana nyingi potofu zinapoanzia.

Dhana: mlio wa "This Charming Man" ni wa Rickenbacker

Gitaa la umeme aina ya Rickenbacker 330 ndilo analoonekana nalo katika picha nyingi za wakati ule, kwa hiyo watu wakaunganisha picha na sauti. Lakini Marr mwenyewe ameeleza kwamba gitaa kuu la wimbo huo wa The Smiths wa 1983 ni Fender Telecaster ya 1954, na kwamba zimo treki za gitaa, yaani tabaka zilizorekodiwa moja moja, zipatazo 15. Tatu ni za gitaa kavu, lisilo la umeme. Moja imerekodiwa kinyumenyume, imezamishwa kwenye mwangwi mrefu. Halafu kuna visu: alilaza Telecaster juu ya amplifaya, akatuni nyuzi zitoe kodi moja (nota kadhaa zinazolia pamoja) zikiwa wazi, kisha akaangusha kisu chenye mpini wa chuma juu ya nyuzi. Sauti hiyo imefichwa chini ya magitaa mengine. Huitambui mpaka uambiwe, ila ikiondolewa utahisi kitu kimepungua.

Anayenunua Rickenbacker na kupiga mcharazo ule peke yake atashangaa kwa nini unasikika mwembamba. Jaribu hivi: rekodi gitaa kuu la umeme kwanza, bila mtetemo wala mkwaruzo. Ongeza gitaa kavu mara 2, moja kushoto na moja kulia, kodi zilezile lakini zikishikwa sehemu tofauti za shingo. Ziweke chini kiasi kwamba ukizizima ndipo unagundua zilikuwepo. Kosa la kawaida ni kuziacha na besi yake yote. Mwili wa gitaa kavu hutoa mvumo mwingi upande wa chini. Treki 3 zikirundikana hapo, wimbo unakuwa tope na besi inapotea. Kata kila kilicho chini ya takriban 150 Hz kwenye magitaa hayo.

Dhana: kodi zake hazishikiki kwa mkono wa kawaida

Zinashikika. Tatizo ni kwamba watu wanazitafuta mahali pasipo pake. "This Charming Man" inasikika katika ufunguo wa A, lakini Marr ameeleza kuwa aliitunga katika G. Magitaa ya The Smiths ya kipindi hicho mara nyingi yalitunwa toni nzima juu, kutoka E hadi F#. Ukishika maumbo ya G juu ya gitaa lililopandishwa hivyo, sauti inayotoka ni A, na nyuzi zilizo wazi zinalia katikati ya kodi jinsi kidole peke yake kisivyoweza kuzifanya zilie.

Kupandisha kuna gharama. Toni nzima huongeza mvuto wa kila uzi kwa takriban asilimia 26. Shingo inapinda, nyuzi zinanyanyuka, na uzi wa kwanza unakatika, mara nyingi palepale unapozungushwa kwenye kigingi. Dawa ni kushuka unene: seti inayoanzia uzi wa inchi .009 ikitunwa F# ina mvuto unaokaribiana sana na seti ya .010 ikiwa E. Vinginevyo tumia kapo, yaani kibanio cha nyuzi zote, kwenye freti (kijiti cha chuma cha shingo) ya 2. Kapo ikae nyuma tu ya chuma cha freti. Ikirudi katikati ya nafasi, nyuzi zinatatarika, na ukiibana kwa nguvu kuondoa mtataro unazivuta hadi zinakuwa kali kuliko nota yake. Tuni upya baada ya kuifunga.

"The Headmaster Ritual", wimbo mwingine wa The Smiths, ni jambo lingine. Hapo nyuzi zimefunguliwa katika D, yaani kutoka uzi mnene D A D F# A D, kisha kapo freti ya 2. Ukiiwinda kwa mtuno wa kawaida utapoteza wiki nzima.

Dhana: mtikisiko wa "How Soon Is Now?" ni pedali moja

Hii ndiyo inayouza pedali nyingi, vifaa vya mguuni vya kubadili sauti, kuliko zote. Wimbo huu wa The Smiths ulirekodiwa London mwaka 1984 na prodyuza John Porter. Gitaa la kodi lilirekodiwa safi kwanza, bila mtikisiko wowote. Kisha treki hiyo ikarudishwa kupitia amplifaya 4 aina ya Fender Twin Reverb. Marr akasimamia 2, Porter 2, kila mtu mkono kwenye kitufe cha kasi, wakirekebisha mtikisiko ufuate dramu. Ukipotea, wanasimamisha, wanarudisha tepu nyuma, wanaanza tena. Treki ile ni vipande vifupi vilivyounganishwa.

Kwa nini walihangaika hivyo? Hesabu inajibu. Mtikisiko wenye mapigo 4 ndani ya kila pigo la wimbo, kwa mwendo wa 96 kwa dakika, unahitaji 96 × 4 ÷ 60, yaani mara 6.4 kwa sekunde. Kwa dakika moja hayo ni mapigo 384. Kitufe kikikosea kwa asilimia 1 tu, mwisho wa dakika umepotea karibu mapigo 4, pigo zima la wimbo.

Mtikisiko huo kwenye amplifaya za Fender umeandikwa vibrato, na hilo limepotosha wengi. Kinachobadilika pale ni ukubwa wa sauti, si kimo cha nota, kwa hiyo jina lake sahihi ni tremolo. Ukitumia pedali, iweke baada ya mwangwi, kama ilivyo ndani ya Twin yenyewe. Ukiitanguliza, mkia wa mwangwi unajaza mianya na mkato unakufa.

Dhana: aliiga magitaa ya Afrika

Msikilizaji aliyekulia kwenye dansi, benga au rumba ya Kongo ana haki ya kushtuka anaposikia mcharazo ule safi, wa nyuzi nyembamba, unaobeba kodi na melodia kwa pamoja. Lakini kichocheo alichokitaja Marr kiko karibu na kwao: bendi ya Aztec Camera, waliokuwa kampuni moja ya rekodi nao, Rough Trade, walikuwa wakipigwa redioni, naye akataka wimbo mchangamfu wa kuwajibu. Ufanano unatokana zaidi na kazi yenyewe. Kwenye bendi za Kongo, magitaa ya solo, mi-solo (la kati) na rithimu hugawana mzigo. The Smiths walikuwa na mpiga gitaa mmoja, ikabidi mkono mmoja ubebe yote.

Kukutana kwa kweli kulikuja baadaye. Mwaka 1987 alikwenda Paris kupiga kwenye albamu ya bendi ya Talking Heads, *Naked*, iliyotoka 1988, ambako walikuwepo pia wanamuziki wa Afrika, akiwemo mpiga gitaa Yves N'Djock. Isikilize ukiwa umetega sikio kwa magitaa.

Dhana: hapigi solo kwa sababu hawezi

Alijifunza kwa kuwasikiliza James Williamson wa The Stooges, Bert Jansch na Nile Rodgers wa Chic, ambaye jina lake alimpa mwanawe. Solo aliziacha kwa kuchagua.

Dhana: baada ya 1987 alikwisha

Aliondoka The Smiths akiwa na miaka 23. Uchovu ulikuwa mkubwa: bendi haikuwa na meneja wa kudumu, na mambo mengi ya biashara yaliangukia kwake. Baadaye alipiga na bendi ya The The, akaunda bendi ya Electronic na Bernard Sumner wa New Order, na mwaka 2007 albamu aliyopiga na bendi ya Modest Mouse ilishika namba 1 Marekani, mahali ambapo The Smiths hawakuwahi kufika.

Akiwa na Modest Mouse ndipo alipohamia Fender Jaguar, na toleo lenye jina lake lilitoka 2012. Jaguar ya kawaida ina swichi ndogo 3 upande wa chini. Yake ina moja ya nafasi 4, na nafasi ya mwisho huunganisha sumaku zote mbili za kunasa sauti kwa mfululizo, sauti ikawa nene na kubwa zaidi. Daraja nalo, kipande kinachobeba nyuzi mwilini, limebanwa kwa nailoni, kwa sababu la kawaida huyumba ukipiga kwa nguvu. Shingo ya Jaguar ni fupi: inchi 24 dhidi ya 25.5 za Telecaster. Kwa nyuzi zilezile, mvuto hupungua kwa takriban asilimia 11. Ukiipandisha hadi F#, unazidi Telecaster iliyo E kwa asilimia 12 hivi, wala si 26.