Simbi mwenye pete ya manjano

Simbi ni konokono mdogo wa baharini wa jamii ya kauri. Wako wa aina nyingi, ila hapa namzungumzia mmoja: yule mwenye pete mgongoni, ambaye Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, alimwandika mwaka 1758 na ambaye leo wataalamu humwita Monetaria annulus. Anaishi kuanzia mwambao wa Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki, kwenye maji mafupi. Maji yakipwa, pindua jiwe au pekua majani ya bahari, utamkuta.

Gamba lake lina urefu wa sentimita 2 hivi. Katikati ya mgongo ni kijivu inayoelekea buluu au kijani, kisha inakuja pete ya manjano iliyokolea, na nje ya pete rangi ni krimu. Chini kuna mdomo mwembamba wenye meno pande zote mbili. Hayo si meno ya kutafunia. Chakula chake ni mwani, naye huukwangua kwa ulimi wenye vijino vidogo sana uliofichika ndani.

Wengi hudhani mng'ao wa gamba ni kazi ya mawimbi na mchanga. La. Simbi akiwa hai na ametulia, hutoa mikunjo miwili ya ngozi laini, mmoja kila upande, ikapanda na kukutana mgongoni hadi gamba lote linafunikwa. Ngozi hiyo ndiyo inayolipaka gamba tabaka jipya juu ya la zamani, na ndiyo inayolikinga lisichubuke wala kuota uchafu. Mchanga hufanya kinyume: gamba lililosuguliwa ufukweni hufifia, pete ikatoweka, na tabaka la zambarau lililokuwa chini likajitokeza. Kwa hiyo ukiona dukani fungu la simbi wanaong'aa kama vigae, ujue karibu wote walichukuliwa wakiwa hai.

Simbi mchanga hafanani na mzazi wake. Gamba lake ni jembamba, lina mdomo mpana na msokoto kama wa konokono mwingine yeyote. Akikomaa, ukingo wa mdomo hujikunja kuelekea ndani, meno yanatokea, na tangu hapo harefuki tena, gamba linanenepa tu. Jike hutaga mayai na kuyalalia.

Ndugu yake wa karibu, Monetaria moneta wa Maldivi, ndiye aliyekuwa fedha ya Afrika Magharibi kwa karne nyingi. Gamba gumu, dogo, lisilooza na lisiloghushika kirahisi lilifaa sana kazi hiyo. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg, Ujerumani, waligundua kwamba simbi wa pete wa Zanzibar na mwambao wake ni wa bei poa zaidi, wakaanza kuwapakia melini kwa tani na kuwapeleka Afrika Magharibi. Wakamiminika mno, hata thamani ya kauri ikaporomoka. Mtu aliyekuwa ameweka akiba yake kwa magamba alibaki na mzigo tu. Huku kwetu, misafara ya pwani iliwafikisha simbi hadi Buganda, wakatumika sokoni na hata kulipia kodi.

Ili kuwatunga kwenye uzi au kuwashona kwenye nguo, watu huvunja mgongo wa gamba na kuacha upande wa meno. Ndiyo maana kwenye mapambo mengi ya simbi ile pete haionekani kabisa.