Ménière: kizunguzungu kikikoma, sikio halijapona

Wagonjwa wengi wa Ménière, ugonjwa wa sikio la ndani unaoleta kizunguzungu, huambiwa wavumilie tu, ugonjwa utachoka wenyewe na sikio litarudi kama zamani. Nusu ya maneno hayo ni kweli, na hapo ndipo yanapopotosha.

Daktari Mfaransa Prosper Ménière alieleza mwaka 1861 kwamba kizunguzungu cha aina hii kinaweza kutoka kwenye sikio la ndani, si ubongoni. Mwanzoni sikio huziba kama limeingia maji, huvuma, kisha chumba kizima huzunguka kwa dakika 20 hadi saa kadhaa, mtu ameng'ang'ania ukingo wa kitanda akitapika. Kizunguzungu kikipita, usikivu hurudi.

Miaka ikienda, kwa wengi vipindi hivyo hupungua, hata kukoma. Lakini mara nyingi sikio limekwisha kudhurika. Usikivu, hasa wa sauti nzito, haurudi tena; mvumo unabaki; na gizani, macho yasipoweza kusaidia, mtu huyumba. Kwa baadhi, sikio la pili hufuata. Tafadhali, usiache kupimwa usikivu kwa sababu tu kizunguzungu kimeisha. Kuyumba nako kuna mazoezi yake, na yanasaidia.