Kabla Hujasaini Kuwa Daktari wa Marubani wa Jeshi

Vijana wetu walioko Marekani, wakishapata uraia na nafasi ya kusomea udaktari, huniuliza kuhusu kazi hii. Wengi huanzia kwenye ada, na siwalaumu. HPSP, ufadhili wa jeshi la Marekani kwa wanaosomea udaktari, hulipa ada na posho ya kila mwezi, nawe unaulipa kwa utumishi jeshini, kwa kawaida mwaka mmoja kwa kila mwaka uliofadhiliwa. Chuo cha udaktari cha kijeshi kilichoko Bethesda hakitozi ada kabisa, tena unalipwa mshahara wa ofisa ukiwa darasani, ila deni lake ni miaka 7. Soma mkataba kwa makini: miaka ya kusomea ubingwa jeshini haipunguzi deni hilo.

Kisu cha upasuaji usikitarajie. Kazi ni kliniki, vipimo vya kuruka, masikio, macho, usingizi, na kuchunguza ndege inapoanguka. Jeshi la majini linaweza kukuchukua mara tu baada ya utarajali, likakupeleka Pensacola, Florida, kwa mafunzo ya takriban miezi 6, kisha kikosini, huku uliohitimu nao wakiendelea na ubingwa. Anayeota upasuaji wa moyo namwambia atafute njia nyingine. (Na mwenzi wako mshirikishe mapema, maana uhamisho haumsubiri mtu.)

Ugumu wenyewe uko hapa: mgonjwa wako hataki kukuona. Rubani anajua kalamu yako inaweza kumshusha kwenye ndege leo hii. Basi anakuvizia koridoni: “Dokta, kuna rafiki yangu anasikia kizunguzungu kidogo.” Rafiki mwenyewe ndiye huyo aliyesimama mbele yako, anakwepa macho. Ukikimbilia fomu, hutamwona tena. Ndiyo maana daktari anatakiwa kuruka nao, kula nao, kukaa nao wakisubiri hali ya hewa. Wapo wanaodhani ni starehe. Kumbe ndiyo namna pekee ya kupata historia ya mgonjwa.

Mafunzoni mnaingizwa kwenye chumba kinachopunguzwa hewa hadi hali ya futi 25,000, kisha mnavua barakoa za oksijeni. Kwa kimo hicho akili hufanya kazi ipasavyo dakika 3 hadi 5 tu. Unapewa hesabu za kutoa za darasa la tatu. Mwandiko unalegea, kucha zinakuwa za buluu, na wewe unacheka, umeridhika kabisa. Mkufunzi anamwamuru jirani yako avae barakoa. Jirani anaonyesha dole gumba kwamba yuko salama, wala haigusi. Ukishaona hilo, neno la rubani kwamba “niko sawa” hulipokei tena kama kipimo.

Kwa hiyo anayeniuliza, nami humuuliza: kamanda ana upungufu wa marubani, safari ni alfajiri, na aliyezibwa masikio na mafua ni mtu uliyekula naye jana usiku. Utamzuia? Wengi wanaozuiwa hurudi angani baada ya siku chache. Wenye maradhi ya kudumu huombewa kibali maalumu, na faili la kumtetea rubani huyo unaliandika wewe, yuleyule uliyemzuia.