Likizo ya familia inayolinda kazi ni nini?

Chukua hati ya mshahara ya mfanyakazi wa kampuni binafsi huko California ya mwaka 2019, uisome hadi kwenye makato. Karibu na kodi utakuta mstari mfupi ulioandikwa SDI, yaani bima ya jimbo ya ulemavu wa muda, uliokata asilimia 1 ya mshahara. Anayepata dola 600 kwa wiki alikatwa dola 6. Fedha hizo ziliingia kwenye mfuko wa jimbo, na mfuko huohuo ndio uliomlipa mtu aliyeacha kazi kwa muda ili akae na mtoto mchanga au amuuguze mzazi: asilimia 60 hadi 70 ya kipato chake, kwa wiki zisizozidi 6.

Tuseme mfanyakazi huyo ni wa mapokezi kwenye kliniki ya meno yenye watu 9. Mama yake anapata kiharusi. Anajaza fomu, jimbo linaikubali, malipo yanaingia kila baada ya muda kama ilivyoahidiwa. Wiki ya saba anarudi kazini, anamkuta mtu mwingine kwenye kiti chake. Je, mwajiri amevunja sheria ya likizo? Mwaka ule, hapana. Jimbo lilimlipa kwa siku alizomuuguza mama, lakini mwajiri wa watu 9 hakuwa na wajibu wa kumwekea nafasi yake.

Kwa hiyo ukisikia Wamarekani wanabishana kuhusu likizo ya familia, uliza kwanza wanazungumzia lipi kati ya mawili. Kuna likizo yenye malipo, na kuna likizo inayolinda kazi. Hii ya pili ni haki ya kuondoka kazini kwa muda uliotajwa na sheria, kwa sababu ya kuzaliwa kwa mtoto, ugonjwa mzito wa mtu wa familia au ugonjwa wako mwenyewe, kisha kurudi kwenye kazi ileile au iliyo sawa nayo. Unaweza kuwa nayo bila kulipwa hata senti. Na kama tulivyoona hapo kliniki, unaweza kulipwa bila kuwa nayo.

Sheria mama ya nchi nzima inaitwa Sheria ya Likizo ya Familia na Matibabu, maarufu kwa herufi FMLA. Rais George H. W. Bush aliikataa mara mbili, mwaka 1990 na 1992. Bill Clinton aliisaini tarehe 5 Februari 1993, wiki mbili tu baada ya kuapishwa, ikawa sheria yake ya kwanza. Inampa mfanyakazi hadi wiki 12 kwa mwaka. Hazilipwi, ila mwajiri anatakiwa aendelee kuchangia bima ya afya kama vile mtu yuko kazini, jambo ambalo Marekani si dogo, kwa kuwa wengi wao bima wameipata kupitia kazi.

Masharti yake ndiyo yanayowaacha wengi nje. Mwajiri awe na wafanyakazi 50 au zaidi ndani ya maili 75 kutoka mahali unapofanyia kazi. Wewe uwe umemfanyia kazi miezi 12, na katika mwaka uliotangulia likizo uwe umetimiza saa 1,250. Uchunguzi wa Wizara ya Kazi wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa waliotimiza masharti yote walikuwa kiasi cha asilimia 56 ya wafanyakazi. Mwenye kazi mbili za nusu siku kwa waajiri wawili anaweza kuchoka kuliko mtu wa ajira moja na bado asifikishe saa zinazotakiwa kwa yeyote kati yao.

Maneno "iliyo sawa nayo" yanastahili kuangaliwa kwa karibu, maana hapo ndipo waajiri wengine hujaribu ujanja. Mshahara ukibaki uleule haitoshi. Kanuni za FMLA zinataka marupurupu yawe yaleyale, majukumu na mamlaka yalingane, zamu iwe ileile au inayofanana nayo, na kituo cha kazi kisiwe mbali na cha awali. Aliyekuwa msimamizi wa ghala zamu ya asubuhi hawezi kurudishwa kama karani wa usiku akaambiwa ashukuru kwa kuwa malipo hayajapungua. Vilevile, kwenye kampuni zinazohesabu pointi za kutofika kazini, siku za likizo hii hazipaswi kuingizwa kwenye hesabu hiyo.

Ulinzi huo una kikomo. Kama idara nzima ilikuwa ifungwe, ingefungwa hata ungekuwepo, basi kuwa likizoni hakukupi kinga ambayo wenzako hawana. Sheria ya nchi pia inamruhusu mwajiri kukataa kumrudisha mtu aliye katika asilimia 10 ya wanaolipwa zaidi, endapo kumrudisha kutaitia biashara hasara kubwa. Na likizo inayojulikana mapema, kama ya kujifungua, inatakiwa itolewe taarifa siku 30 kabla. Dharura ina utaratibu wake: unatoa taarifa mara tu unapoweza.

Halafu kuna suala la familia ni nani. Kwa anayezungumza Kiswahili, sehemu hii inashangaza kidogo, kwa sababu neno letu "ndugu" linabeba ukoo mzima bila kulalamika. Sheria ya nchi inawataja mume au mke, mtoto na mzazi, basi. Mtoto aliyevuka miaka 18 huhesabiwa tu ikiwa hawezi kujitunza kwa sababu ya ulemavu. Dada hayumo. Mkwe hayumo. Bibi naye hayumo, isipokuwa kama ndiye aliyekulea ulipokuwa mdogo: hapo sheria inamtazama kama mzazi. Matokeo yake, wajukuu wawili wa bibi mmoja wanaweza kufanya kazi kiwanda kimoja, mmoja akapata likizo ya kumuuguza na mwingine akanyimwa.

Kupanua likizo ya aina hii, basi, mara nyingi si kuongeza wiki. Ni kusogeza mipaka hiyo: idadi ya wafanyakazi ishuke, orodha ya ndugu irefuke, muda wa kusubiri upungue. Congress, yaani bunge la Marekani, imeipanua sheria ya nchi kwa familia za wanajeshi; mabadiliko ya mwaka 2008 yalimpa anayemuuguza mwanajeshi aliyejeruhiwa hadi wiki 26. Kwa raia wengine kazi kubwa imefanywa na majimbo.

California ndiyo mfano ulio wazi zaidi, kwa sababu ilianza kwa malipo. Gavana Gray Davis alisaini sheria ya malipo mwaka 2002, na fedha zikaanza kutolewa mwaka 2004, zikiwa za kwanza za aina yake Marekani. Ulinzi wa kazi ulibaki kwenye sheria nyingine, yenye kizingiti kilekile cha watu 50. Mwaka 2018 kizingiti kilishushwa hadi 20, lakini kwa wazazi wa mtoto mpya peke yao. Kisha Septemba 2020, katikati ya korona, Gavana Gavin Newsom akasaini muswada namba SB 1383, ulioletwa na seneta wa jimbo Hannah-Beth Jackson. Kuanzia tarehe 1 Januari 2021 mwajiri mwenye watu 5 tu anabanwa. Maili 75 zikafutwa. Kaka, dada, babu, bibi na wajukuu wakaingia kwenye orodha. Kile kisingizio cha wanaolipwa zaidi kikaondolewa, na wazazi wawili walioajiriwa na mwajiri mmoja wakaacha kugawana wiki 12. Kila mmoja ana zake. Tangu 2023 mfanyakazi anaweza pia kumteua mtu mmoja asiye kwenye orodha, mwenye uhusiano naye ulio kama wa familia.

Waajiri wadogo hawakufurahi, na hoja yao haikuwa ya kubeza. Penye watu 5, kuondoka kwa mmoja ni kuondoka kwa sehemu ya tano ya nguvu kazi, na mtu wa kushika nafasi kwa miezi mitatu hapatikani kirahisi. Jimbo lilijibu kwa kuweka usuluhishi kwa waajiri wa watu 5 hadi 19, ili mgogoro usikimbilie mahakamani moja kwa moja. Hata hivyo, mimi naona kizingiti cha idadi kina kasoro toka mwanzo: kinapima ukubwa wa biashara ya mwajiri ili kuamua kama mama wa mfanyakazi anaweza kuuguzwa. Rhode Island iliposhughulikia jambo hili iliunganisha vyote viwili tangu siku ya kwanza. Mfuko wake wa wauguzaji ulioanza 2014 unalipa na kumwekea mtu kazi yake kwa pamoja.

Kuna dhana nyingine inayohitaji kusahihishwa, kwamba hili ni suala la akina mama waliojifungua. Kesi maarufu zaidi ya FMLA ni ya mwanamume. William Hibbs alikuwa mtumishi wa idara ya serikali ya jimbo la Nevada, mkewe akaumia kwenye ajali ya gari, akaomba likizo ya kumuuguza, na mwishowe akafukuzwa kazi. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watumishi wa majimbo wana haki ya kushtaki kwa jambo kama hilo. Uamuzi uliandikwa na Jaji Mkuu William Rehnquist, mhafidhina ambaye wengi hawakumtarajia. Alieleza kuwa sera za likizo zilizowapendelea wanawake zilijengwa juu ya dhana kwamba kulea na kuuguza ni kazi ya mwanamke, na dhana hiyo ndiyo iliyowafanya waajiri wasite kuwaajiri na kuwapandisha vyeo.

Turudi kwa yule wa mapokezi. Leo hii, akiwa amemaliza mwaka kazini na saa zake zimetimia, kliniki ya watu 9 inatakiwa impokee tena baada ya kumuuguza mama. Mfuko wenyewe sasa unalipa hadi wiki 8. Lakini sharti la miezi 12 halikuguswa. Aliyeajiriwa Machi na mama yake akaugua Novemba anakatwa SDI kuanzia mshahara wa kwanza, anaweza kulipwa na mfuko akikaa nyumbani, na kiti chake bado kiko mikononi mwa mwajiri.