Saratani ya koo na mdomo: maneno ya mtaani na ukweli wake

Hapa Kampala, ukisema una jamaa mwenye kansa ya koo, utapewa ushauri kabla hujakaa. Mwingi unatoka moyoni, lakini kuna maneno yanayomchelewesha mgonjwa.

"Kansa ikiguswa na kisu inasambaa." Hili ndilo linaloniumiza zaidi. Kutoa kinyama cha kupimwa hakusambazi saratani. Miezi inayopita nyumbani ndiyo inayoipa nafasi. Bila kinyama hicho daktari hawezi kujua anapambana na nini. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki tatu, sauti iliyokwaruza muda huohuo, au uvimbe wa shingoni usioisha: nenda ukapimwe.

"Ni ugonjwa wa wavutaji na walevi." Tumbaku na pombe, waragi ikiwamo, ndivyo visababishi vikubwa, na mtu akitumia vyote viwili hatari huongezeka sana. Katika saratani za namna hiyo, jeni ya TP53 mara nyingi huwa imeharibika. Hiyo ndiyo breki: huizuia seli yenye kasoro isigawanyike. Virusi vya HPV (vya papiloma, vilevile vya saratani ya mlango wa kizazi) aina ya 16 hupita njia nyingine. Huiacha jeni ikiwa nzima, kisha protini yao ya E6 huiangamiza p53, yaani protini inayotengenezwa na jeni hiyo, na E7 huizima protini ya Rb, breki nyingine ya seli. Kwa hiyo mtu asiyewahi kushika sigara anaweza kupata saratani ya tonsili. Ya nyuma ya pua, nayo, inahusishwa na virusi vya Epstein-Barr, na hivyo vina historia kwetu: Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago hapa Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958, na mwaka 1964 virusi hivyo vikaonekana London katika seli za uvimbe wa aina hiyo uliotoka Uganda.

"Jeni zimeharibika, basi ni ya ukoo." Mara nyingi sivyo. Uharibifu hutokea ukubwani, ndani ya uvimbe wenyewe, na watoto hawaurithi.

"Dawa mpya ya kulenga ndiyo bora, tuuze shamba." Subirini kwanza. Setuksimabu, mojawapo ya dawa hizo za kulenga, huziba EGFR, kipokezi kinachoiambia seli ikue. Marekani iliiidhinisha kwa saratani hizi mwaka 2006, na ikitolewa pamoja na mionzi inashinda mionzi peke yake. Ikatarajiwa kwamba wagonjwa wa HPV wataiacha sisplatini, dawa ya zamani yenye madhara makali. Mwaka 2018 majaribio mawili yakaonyesha kinyume. Katika moja, baada ya miaka mitano walikuwa hai takribani 85 kati ya kila 100 waliopewa sisplatini, na 78 kati ya waliopewa setuksimabu. Isitoshe, kuziba kinachochochea ni rahisi kuliko kuirudisha breki iliyokatika, na dawa ya kuirekebisha TP53 bado haijaingia katika tiba ya kawaida ya saratani hizi.

"Uganda hakuna mionzi." Mashine ya Mulago iliharibika kweli mwaka 2016, lakini nyingine ilianza kazi 2018. Taasisi ya Saratani ya Uganda iko palepale Mulago tangu 1967. Mkifika, ulizeni kama kinyama kimepimwa p16, alama ya HPV, hasa uvimbe ukiwa kwenye tonsili au shina la ulimi, na kama figo za mgonjwa zinaweza kuhimili sisplatini.