Sikio Kwanza: Namna ya Kufaidi Sehemu Zilizopotea za Doctor Who

Doctor Who, tamthilia ya kubuni ya kisayansi ya BBC, ilianza kurushwa nchini Uingereza tarehe 23 Novemba 1963, na hadi katikati ya mwaka 1969 zilikuwa zimetengenezwa sehemu 253. Hata baada ya ugunduzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2013, sehemu 97 kati ya hizo zilikuwa bado hazijaonekana popote. Wengi wanaoifuatilia tamthilia hii tangu mwanzo huzipita sehemu hizo kana kwamba hazipo, au husoma muhtasari wake na kuendelea mbele. Kazi yangu ni kusafisha na kuhifadhi sauti za kanda kuukuu, na kwa uzoefu wa kazi hiyo naona kwamba watu hao wanajinyima bure, kwa sababu kila moja ya sehemu 97 ina sauti yake tangu muziki wa kufungulia hadi ule wa kufungia. Kilichopotea ni picha, na katika baadhi ya visa, picha haikuwa ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa.

Chanzo cha hasara hii kinaeleweka. Mkanda wa video wa enzi hizo, wenye upana wa inchi 2, ulikuwa ghali na uliweza kufutwa na kutumiwa tena, na mikataba na chama cha waigizaji iliweka mipaka juu ya kurudia vipindi, hivyo mkanda uliokwisha kutumika ulionekana kuwa unajaza rafu tu. Kabla ya kufutwa, sehemu nyingi zilinakiliwa kwenye filamu ya milimita 16 ili ziuzwe nje, na nakala hizo zilisafiri hadi Australia, Hong Kong, Nigeria, Zambia, na hata Kenya na Uganda. Kituo kilichomaliza kuzionyesha kilitakiwa kuzirudisha, kuziharibu au kuzipeleka kwa kituo kingine. London nako, idara ya mauzo ya BBC iliendelea kuteketeza nakala zake hadi mwaka 1978 hivi.

Wakati huohuo, bila shirika hilo kujua, watoto na vijana kadhaa wa Uingereza walikuwa wakirekodi vipindi nyumbani. Mashine za kurekodi video hazikuwa zimefika majumbani, kwa hiyo walitumia rekoda za sauti, wengi wao wakisogeza maikrofoni mbele ya spika ya televisheni na kuwaomba wazazi wanyamaze. Graham Strong alitangulia wenzake kwa ufundi: aliunganisha rekoda yake kwa waya moja kwa moja na televisheni, na ndiyo maana kanda zake hazina kikohozi cha mtu wala mlio wa vikombe. Kwa mtu wa fani yangu, kusikia tofauti kati ya kanda yake na nyingine ya kisa kilekile ni starehe ya pekee. Baadaye BBC ilizitoa sauti hizo rasmi, zikiwa na maelezo mafupi ya kile ambacho macho yangeona, yakisomwa na waigizaji wa tamthilia yenyewe, kama Peter Purves, Frazer Hines na William Russell.

Anayeniuliza aanzie wapi, mimi humwelekeza kwenye The Massacre, kisa cha sehemu nne kilichorushwa Februari 1966. Hakijabaki na kipande chochote cha filamu, na hata picha za skrini nitakazozieleza hapa chini hakina, hivyo msikilizaji halazimiki kuchagua njia. Kisa kinatokea Paris mwaka 1572, siku chache kabla ya mauaji ya Waprotestanti ya Mtakatifu Bartholomayo. Daktari, mhusika mkuu wa tamthilia anayesafiri katika wakati, anatoweka mapema, na msafiri mwenzake, Steven, anabaki peke yake katika mji uliojaa fitina. Kisha anatokea kiongozi wa kidini, adui wa Waprotestanti, mwenye sura ileile ya Daktari, na wote wawili wanaigizwa na William Hartnell. Mtazamaji wa televisheni aliiona sura na kutatizwa nayo. Msikilizaji ana sauti tu, tena sauti ambayo Hartnell ameinyoosha na kuiondolea kigugumizi na vicheko vyake vya kawaida, kwa hiyo anabaki katika shaka ileile ya Steven, akitega sikio apate dalili. Mwishoni, Steven anapoondoka kwa hasira na Daktari kubaki peke yake katika chombo chake, mzee huyo anawakumbuka waliomwacha mmoja baada ya mwingine na kulikosea jina la mmoja wao. Hotuba hiyo haihitaji picha yoyote.

Si kila kisa kimejengwa kwa maneno namna hiyo, na hapa ndipo kazi ya John Cura inapohitajika. Cura alikuwa mpiga picha aliyefanya biashara ya kupiga picha za skrini ya televisheni wakati kipindi kikiwa hewani, takriban 60 kwa sehemu moja, na kuwauzia waongozaji na waigizaji ambao hawakuwa na njia nyingine ya kuweka kumbukumbu ya kazi zao. Alifariki mwaka 1969, na hakuishi kuona kwamba picha zake ndogo zingekuwa ushahidi pekee wa jinsi sehemu nyingi zilivyoonekana. Mashabiki wamezipanga juu ya sauti na kutengeneza kitu kinachofanana na filamu ya picha mgando. Ushauri wangu ni kuzitazama picha kabla ya kusikiliza, uzijue nyuso na majengo, kisha uziweke kando. Ukizitazama pamoja na sauti, jicho hukaa likisubiri picha inayofuata, na sikio hulegea.

Jaribu njia hiyo kwa The Power of the Daleks, kisa cha kwanza cha Patrick Troughton, aliyempokea Hartnell nafasi ya Daktari, kilichoanza tarehe 5 Novemba 1966. Watazamaji walikuwa ndiyo kwanza wameshuhudia Daktari wao akigeuka kuwa mtu mwingine, na Troughton haharakishi kuwatuliza: akiulizwa jambo, mara nyingi hujibu kwa kupuliza filimbi. Katika sauti pekee, ukwepaji huo unachekesha na kuudhi kwa kiwango kilekile. Nao akina Dalek, maadui wakubwa wa Daktari, wanajifanya watumishi watiifu wa binadamu waliowaokota. Yupo mmoja anayerudia kwamba yeye ni mtumishi wao, tena na tena, akipandisha sauti hadi kumzima Daktari anayejaribu kuwaonya watu. Sijasikia tukio la uadui lililotumia maneno machache zaidi katika tamthilia nzima.

Fury from the Deep, ya mwaka 1968, ina bahati ya aina nyingine. Ni hadithi ya mwani wenye uhai unaovamia mitambo ya gesi baharini, na mapigo kama ya moyo yanayosikika ndani ya mabomba yanaitawala sauti yake tangu mwanzo. Lakini lipo tukio ambalo sikio haliwezi kulipata: mafundi wawili, Oak na Quill, wanaingia chumbani kwa mwanamke, wanapanua vinywa na kumpulizia hewa ya sumu. Tukio hilo linaonekana hadi leo kwa sababu wadhibiti wa Australia waliliona linatisha mno, wakalikata, wakahifadhi kipande kama kumbukumbu ya kazi yao. Mwaka 1996 vipande vya namna hiyo vilipatikana katika hifadhi ya taifa ya nchi hiyo. Filamu yenyewe imetoweka, na kile kilichokatazwa kuonekana ndicho kilichosalia.

Sauti nayo hudanganya, na hili ni lazima liwe wazi. The Enemy of the World ilikuwa na sehemu moja tu iliyosalia kati ya sita, na kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa kisa cha kawaida. Philip Morris, mtafuta filamu kutoka Uingereza, alipoipata huko Jos, Nigeria, pamoja na sehemu nyingi za The Web of Fear, maoni yaligeuka. Troughton anaigiza humo Daktari na pia Salamander, mtawala dhalimu, na ustadi wake umo katika mabega, mwendo na macho, mambo ambayo rekoda ya mtoto wa 1968 isingeweza kuyanasa. Tangu hapo nimekuwa mwangalifu kutoa hukumu juu ya kisa nilichokisikia tu, isipokuwa The Space Pirates, ambayo hata sehemu yake moja iliyopo inakwenda polepole kiasi kwamba sitamshauri mgeni aanze nayo.

Katuni ambazo BBC imekuwa ikizitoa, kuanzia The Invasion ya mwaka 2006, mimi huziweka mwisho. Zinasaidia pale panapokuwa na mkimbizano na muziki bila maneno, lakini uso wa katuni hausemi yale uso wa Troughton ulisema, na msikilizaji aliyeanza na katuni hupata shida baadaye kuwaona waigizaji wenyewe akilini. Kwa kuanzia, chukua toleo lenye msimulizi, ulisikilize kwa spika za masikioni, sehemu moja ya dakika 25 kwa siku badala ya zote sita kwa mkupuo mmoja. Visa hivi viliandikwa kwa watu waliosubiri wiki nzima kati ya sehemu moja na nyingine, na marudio yanayochosha ukiviunganisha yaliwekwa makusudi kuwakumbusha watu hao walipoishia.