Nafasi za watu katika timu: kwa nini kamati yenye vyeo vyote bado hukwama

Kamati ya harusi ikikaa kikao cha kwanza, iwe Sinza, Tabata au Mbagala, huanza kwa kuchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kisha huundwa kamati ndogo za chakula, vinywaji, mapambo na usafiri. Hivyo vyote ni vyeo. Nafasi katika timu ni kitu kingine: ni namna ambayo mtu huchangia kazi ya pamoja mara kwa mara, awe amepewa cheo au hakupewa. Cheo hutolewa na kikao, nafasi huonekana kwa matendo. Mweka hazina anaweza kushika daftari vizuri kabisa na bado asiwe mtu wa kumpigia simu aliyeahidi laki mbili tangu mwezi uliopita. Ufuatiliaji wa ahadi usipopata mwenyewe, kamati itakuwa na mweka hazina lakini haitakuwa na fedha.

Mwaka 1948 Wamarekani wawili, Kenneth Benne na Paul Sheats, walizigawa nafasi hizi katika mafungu matatu. La kwanza ni la kusukuma kazi: kutoa wazo, kuuliza taarifa, kuweka kumbukumbu. La pili ni la kutunza uhusiano: kutia moyo, kupatanisha, kumpa nafasi ya kusema aliyekaa kimya. La tatu ni la mtu anayetumia kikao kwa haja zake: kutafuta sifa, kupinga kila hoja, kuvuta mazungumzo kwenye mambo yake. Ushauri wao kuhusu fungu hili la tatu bado una uzito: tabia hizo zikizidi, kundi lijichunguze kwanza kabla ya kumnyooshea mtu kidole. Huenda kazi haieleweki, au kiongozi anaamua yote peke yake.

Baadaye Mwingereza Meredith Belbin alizichunguza timu za mameneja zilizoshindana katika michezo ya kuendesha biashara kwenye chuo cha Henley, Uingereza, akachapisha matokeo mwaka 1981. Timu zilizojazwa watu wenye akili kali hazikufanya vizuri kama ilivyotarajiwa. Walibishana mno, kila mmoja akitafuta kasoro ya hoja ya mwenzake, na kazi za lazima zikabaki bila mtu. Belbin alitaja nafasi nane, kisha akaongeza ya tisa.

Tuzitazame ndani ya kamati yetu. Mbunifu ndiye anayesema tuhamie bustanini kwa sababu kumbi zimepanda bei. Mtafuta fursa anamjua mwenye viti, mwenye mahema na mwenye jenereta. Mratibu anagawa kazi na kumaliza mjadala. Msukumaji hana subira, anataka uamuzi leo. Mtekelezaji anageuza maneno kuwa ratiba. Mshikamanishi anawaweka pamoja upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi. Mtaalamu, ile nafasi ya tisa, analeta ujuzi wa jambo moja, tuseme mapishi ya watu 300.

Wawili waliobaki ndio hukosekana mara nyingi, na kukosekana kwao huuma. Mpimaji ni yule anayeuliza, “Bajeti ni milioni 15, zilizo mkononi ni milioni 6, kwa nini tunalipa advansi ya ukumbi wa milioni 5?” Huonekana mkatisha tamaa, hunyamazishwa, na swali lake hurudi wiki mbili kabla ya siku yenyewe likiwa deni. Mkamilishaji naye huhesabu sahani, husoma majina kwenye kadi kabla hayajachapwa, huhakiki kwamba dereva anajua njia ya kwenda kanisani. Kwa kuwa hulalamika kidogo, kila kazi iliyoachwa nusu humwangukia, mpaka anachoka na kuacha kuja vikaoni.

Belbin aliambatanisha kila nafasi na udhaifu unaovumilika. Mbunifu husahau mambo madogo, msukumaji hukwaruza watu, mkamilishaji huhangaika kupita kiasi na hapendi kugawa kazi. Ukimtaka mbunifu awe pia mhakiki wa kadi, umechagua makosa ya tahajia. Kwa kawaida mtu huwa na nafasi mbili au tatu zinazomkaa vizuri, kwa hiyo timu ya watu wanne au watano inaweza kuzibeba zote.

Ili kuziona nafasi za timu yako, usianze na dodoso. Watu hujijibia wanavyopenda kuonekana, na wanasaikolojia kadhaa wamehoji kama nafasi hizo tisa zinatengana kweli. Anza na matendo. Chukua kazi tatu zilizopita, chora jedwali lenye safu nne, andika kwa kila moja nani alileta wazo, nani alipinga kwa hoja, nani alitafuta vifaa, nani alifunga kazi. Jina moja likijitokeza kila mahali, timu yako inamtegemea mtu mmoja. Wasukumaji wakiwa wawili, wape maeneo tofauti yenye mpaka wazi, la sivyo vikao vitakuwa mashindano. Ukikuta safu tupu, hapo ndipo kazi zako hukwama.

Safu tupu haihitaji lazima mtu mpya. Kama hakuna mpimaji, kabla ya malipo yoyote makubwa mteueni mmoja, kwa zamu, alete sababu tatu za kutolipa, na wengine wasimkatize. Kama hakuna mkamilishaji, igeuze nafasi hiyo kuwa utaratibu wenye siku na jina: kwa ahadi za michango, simu zipigwe kila Jumatatu na Alhamisi jioni, na jina la mpigaji liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.